Juu ya Kufundisha Hakimiliki: Mifano kutoka Kibiti na Delta ya Rufiji

Makusudi ya makala haya ni kueleza njia moja ya kuwafundisha wanafunzi wa lugha maana ya hakimiliki, na namna ya kutumia kwa uaminifu maandishi, sauti na picha zipatikanazo katika intaneti. Mifano karibu yote nimeitoa katika nchi ya Rufiji, hasa wilaya ya Kibiti na visiwa vya delta, kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu huenda huko kukusanya msamiati na masimulizi, nao huenda wakiwa na simu iliyojaa mambo ya Rufiji waliyoyapata mtandaoni kabla hawajamwona Mrufiji hata mmoja. Pili, na hii ndiyo sababu kubwa, ipo habari moja ya nchi hiyo, habari ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambayo imepita katika mikono mingi kabla ya kufika katika simu ya mwanafunzi, na kila mkono umeacha alama yake na haki yake.

Mara nyingi somo hili hufundishwa kama orodha ya makatazo: usinakili, usibandike, usichukue. Mwanafunzi huikariri orodha, hujibu mtihani, kisha hurudi katika desturi yake. Katika chuo kikuu cha ng'ambo nilikosomea shahada ya udaktari tulipewa siku ya kwanza kijitabu cha makatazo hayo, tukatia sahihi, na sikumbuki kwamba kuna aliyekifungua tena. Maoni yangu ni kwamba jambo la kwanza kufundishwa ni asili ya habari, yaani ilitoka kwa nani na ikapita kwa nani hata kumfikia asomaye. Mwanafunzi ajuaye hayo ataielewa sheria kwa urahisi, kwa maana sheria ya hakimiliki, kwa sehemu kubwa, huuliza maswali yale yale. Asiyeyajua hawezi kuitii sheria hata akitaka, kwa kuwa hajui haki anayoiheshimu ni ya nani.

Na tuanze na maneno yenyewe. Kiingereza huiita haki hii kwa jina la kunakili. Kifaransa na Kijerumani huiita kwa jina la mtunzi. Kiswahili kimeunganisha haki na miliki, na kwa hiyo kimeliweka jambo zima katika mlango wa mali. Sina ugomvi na neno hilo, nalo limekwisha kukubaliwa. Jina la sheria yetu kwa Kiswahili ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Lakini mwalimu yampasa kujua matokeo yake katika fikira za mwanafunzi. Mtu asikiapo miliki huuliza mara moja: mwenyewe yuko wapi? Akiona shamba lisilo na mwenyewe hukata njia katikati yake. Basi hivyo hivyo akiona maandishi mtandaoni yasiyo na jina, husema hayana mwenyewe, na akisikia wimbo unaoimbwa na kijiji kizima, husema ni wa wote, maana yake si wa mtu. Hoja hizi mbili hutoka katika neno lenyewe wala si katika ubaya wa tabia, na yafaa zijibiwe kwa maneno, si kwa adhabu.

Tena wanafunzi wana maneno yao. Katika vyuo vya Tanzania twasikia kitenzi kudesa, yaani kuchukua jibu au maandishi ya mwenzio, na nomino madesa, ambayo ni maandishi ya somo yanayopokezanwa kutoka mwaka hadi mwaka na kutolewa kopi katika steshenari za jirani. Ni vizuri kuangalia kwamba kudesa si tusi kubwa kama kuiba. Mtu hukiri mbele ya wenzake kwamba amedesa, naye hucheka. Hawezi kukiri hivyo kwamba ameiba. Lugha ya wanafunzi imekwisha kutofautisha wizi wa mali na uchukuzi wa maneno, na mwalimu anayeyachanganya mawili hayo haaminiwi. Kitenzi nakili chenyewe, ambacho tumekipokea kutoka Kiarabu, asili yake ni kuhamisha kitu kutoka mahali hata mahali. Hakina lawama ndani yake. Kosa halimo katika kuhamisha, bali katika kuficha kilikohamishwa.

Desturi ya kutaja kilikohamishwa si ngeni katika pwani yetu. Mwanafunzi aliyekulia Mbwera, Salale au Nyamisati kwa kawaida amekwisha kupita chuoni kwa mwalimu wa Kurani kabla ya kufika shule ya sekondari. Huko amesikia kwamba hadithi ya Mtume hupokewa pamoja na isnadi yake, yaani mlolongo wa watu walioipokea mmoja kwa mwingine, na kwamba wanazuoni huipima hadithi kwa kuwapima watu hao. Mlolongo ukikatika, hadithi hudhoofika hata kama maneno yake ni mazuri. Wanakili wa miswada ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu nao waliandika mwishoni jina la aliyenakili na tarehe. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Ulaya miswada mingi, hakuona haya kujiita mwandishi wa kazi ambayo hakuitunga, kwa sababu kila mtu alijua kwamba kazi ya mkono ni moja na kazi ya utunzi ni nyingine. Watunzi wa tenzi wengi walitia majina yao katika beti za mwisho, na baadhi yao wakataja hata hesabu ya beti ili asiongeze mtu wala asipunguze. Kwa hiyo nisemapo darasani kwamba kila habari iandikiwe isnadi yake, sihitaji kulifafanua neno. Huhitaji tu kulitoa chuoni na kulileta katika maktaba. Mwanafunzi Mkristo kutoka bara hufundishwa na mwenzake wa pwani kwa dakika tano, na hilo nalo ni faida.

Sasa nije katika habari ya Kinjikitile, ambayo ndiyo zoezi kubwa. Mwanafunzi hupewa aya moja ya Kiswahili juu ya mwanzo wa Vita vya Majimaji, iliyotolewa mtandaoni bila jina la mwandishi, naye huambiwa airudishe nyuma hatua kwa hatua mpaka pasipo njia.

Mambo yenyewe kwa kifupi ni haya. Katika mwaka wa 1904 huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alisemekana kuchukuliwa na pepo aitwaye Hongo akazama katika maji, kisha akatoka akiwa mkavu. Watu wakamwendea makundi kwa makundi kupokea maji ya dawa. Vita vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, na Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita vikaendelea hata 1907. Mambo haya si mali ya mtu. Yeyote aweza kuyaandika kwa maneno yake, wala hahitaji ruhusa ya mtu, kwa sababu tukio halina hakimiliki na wazo halina hakimiliki. Kinachohifadhiwa ni namna lilivyosemwa.

Lakini yamesemwa na nani? Miaka ya 1960 wazee waliovikumbuka vita, au waliosimuliwa na baba zao, walikuwa bado hai, na Gilbert Gwassa aliwafuata katika nchi ya Matumbi, Kilwa na Rufiji. Baadhi ya ushuhuda huo ulichapishwa naye pamoja na John Iliffe mwaka 1968, na majina ya wazee yalichapishwa pamoja na maneno yao. Mwaka 1968 pia wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki, walitumwa wilayani kukusanya masimulizi ya Majimaji, na ripoti zao zikakusanywa pamoja. Kisha mwaka 1969 ikachapishwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, na mwaka uliofuata mtunzi akaitoa kwa Kiingereza. Tangu hapo tamthilia hiyo imesomwa na vijana wengi mno kuliko waliowahi kuuona ushuhuda wa wazee.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana kifaa ambacho mwanafunzi wa sheria hana. Mtu wa historia huandikwa na wanahistoria Kinjikitile. Mtu wa tamthilia ni Kinjeketile. Hussein mwenyewe aliwatenga wawili hao katika maelezo yake, akieleza kwamba wa tamthilia ni kiumbe cha ubunifu. Basi aya ya mtandaoni ikisema inatoa historia, nayo ikaandika Kinjeketile kwa irabu e, twajua kwamba mahali fulani katika njia yake imepita katika tamthilia, hata kama mwandishi wake hajui. Ni kanuni ile ile itumiwayo na wahariri wa miswada: kosa au tofauti inayoshirikiwa huonyesha ukoo. Nimeona aya ambazo ndani yake maneno yaliyotungwa kwa jukwaa yamewekwa katika kinywa cha mtu wa Ngarambe kana kwamba kuna aliyeyasikia mwaka 1904. Hapo makosa ni mawili kwa pamoja. Mtunzi amenyang'anywa maneno yake, kwa kuwa jina lake limeondolewa. Na Mrufiji amepewa maneno asiyoyasema. Kosa la kwanza ni la hakimiliki, la pili ni la historia, lakini chanzo ni kimoja, nacho ni kukatika kwa isnadi.

Zoezi hili huchukua majuma mawili, nami siliharakishi. Wako wanaofika katika tamthilia na kusimama. Wako wachache wanaofika katika ushuhuda wa 1968 na kugundua kwamba sentensi waliyodhani ni ya kitabu cha shule ilikuwa ya mzee mwenye jina na kijiji. Jambo hilo huwagusa kuliko kifungu chochote cha sheria, hasa wale watokao Rufiji.

Baada ya hapo ndipo sheria huletwa. Tanzania ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki ya 1966. Ikajiunga na Mkataba wa Bern mwaka 1994. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya 1999, ndiyo tunayoisoma darasani pamoja na marekebisho yake. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, jambo ambalo wanafunzi wengi hushangaa kulisikia. Chama cha Hakimiliki kilichoanzishwa kwa sheria ya 1999 kiligeuzwa kuwa Ofisi ya Hakimiliki mwaka 2022, ingawa watu bado huiita COSOTA. Haya hupitwa upesi. Lililo muhimu ni kutenganisha haki za kiuchumi, kama kuchapisha, kutafsiri na kutangaza, na haki za kimaadili, yaani mtunzi kutajwa kuwa mtunzi na kazi yake kutoharibiwa. Mwanafunzi anayenukuu sentensi tatu za Hussein katika tasnifu, akataja jina, kitabu, mwaka na ukurasa, ametumia ruhusa ambayo sheria yenyewe imeitoa. Anayepiga picha kitabu chote kurasa kwa kurasa na kukituma katika kundi la WhatsApp la darasa hana ruhusa hiyo, hata akitaja jina la mtunzi mara mia. Na anayechukua sentensi moja tu bila kutaja jina huenda asishtakiwe na mtu, lakini chuo kitamwita mwizi wa maandishi. Watu wengi hudhani makosa haya ni kitu kimoja. Sivyo: la pili ni la sheria, la tatu ni la uaminifu wa elimu, na kazi ambayo hakimiliki yake imekwisha zamani bado yadai jina la mtunzi wake.

Kwa mfano wa mpaka baina ya kitu huru na kazi ya mtu, mimi hutumia miti ya delta. Msitu wa mikoko wa Rufiji ndio mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki, na wakazi wake huitambua miti yake kwa majina: mkoko, msindi, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi. Majina haya ni ya lugha, na lugha haina hakimiliki. Mtu akienda kwa mtumbwi kutoka kijiji hata kijiji akauliza mti gani huitwaje wapi, upi wafaa boriti na upi wafaa kuni, kisha akapanga majibu, akayaeleza na kuyalinganisha na majina ya elimu ya mimea, mpango huo na maelezo hayo ni kazi yake. Wewe waweza kwenda kuuliza maswali yale yale ukapata majibu yale yale, nayo yatakuwa yako. Huwezi kukaa Dar es Salaam ukaichukua orodha yake, ukabadili mpangilio wa safu mbili, ukaandika kwamba data ilikusanywa uwandani.

Mfano huu si wa kubuni kwa maana ya kwamba majaribu yapo. Lugha ya Kindengereko, isemwayo Kibiti na jirani zake, imeandikiwa sarufi na Eva-Marie Ström katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Gothenburg ya mwaka 2013, nayo yapatikana mtandaoni kwa yeyote. Kabla ya hapo Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa atlasi yake mwaka 2009. Kwa mwanafunzi aliye Kibiti bila maktaba, kuipata tasnifu kama hiyo katika simu ni neema ambayo sisi wa zamani kidogo hatukuijua. Lakini kuwekwa wazi kusomwa si sawa na kuachwa wazi kuchukuliwa. Nyumba yenye mlango wazi si nyumba isiyo na mwenyewe, na mgeni huingia kwa hodi. Mifano ya sarufi hiyo ikitumiwa, na iandikwe kwamba ni ya Ström 2013. Na mwanafunzi akiisikia sauti ya neno tofauti na ilivyoandikwa humo, basi hapo ndipo penye mchango wake, nao hauonekani mpaka kazi ya mtangulizi itajwe. Sijapata kuona jambo linalowaridhisha wanafunzi kama hili, kwamba kumtaja mwingine ndiko kunakoonyesha lililo lako.

Muda wa haki nao wafaa mfano wa nyumbani. Sheria ya 1999 huhifadhi kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hussein alizaliwa 1943. Tamthilia ya 1969 itakuwa katika hifadhi kwa miaka mingi bado. Lakini tazama Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, uliotolewa mwaka 1957 kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Whiteley na utangulizi wa historia wa Margaret Bates. Katika kijitabu hicho kimoja zimo kazi tatu za watu watatu, na kila moja ina saa yake. Whiteley alifariki 1972. Kwa hesabu ya miaka 50 tafsiri yake imekwisha kutoka katika hifadhi hapa Tanzania, lakini Uingereza, ambako hesabu ni miaka 70, bado. Mwanafunzi aliyekaa Ikwiriri na mwenziwe aliyekaa London wanaweza kufungua faili moja, mmoja akawa huru kuichapisha tafsiri na mwingine asiwe. Wanafunzi huliona jambo hili kama mchezo, kisha huuliza kwa nini. Jibu refu ni la mwanasheria.

Pasisahaulike pia kwamba jina lililo juu ya jalada si isnadi. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilitolewa Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten. Sehemu yake kubwa iliandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pwani ya Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Ilimpasa Mtoro kungoja mpaka 1981, miaka mingi baada ya kufa kwake, ndipo tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen imtaje kuwa ndiye mtunzi. Wako wanafunzi wanaodhani hakimiliki ni hila ya wenye nguvu dhidi ya maskini wa vitabu. Katika bei za vitabu wana haki ya kulalamika. Lakini Mtoro hakuwa mwenye nguvu.

Sasa juu ya mtandao wenyewe na hali ya nchi. Mji wa Kibiti uko kando ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, na simu hushika vizuri. Mtu aingiapo mashua kwenda visiwani aweza kupoteza mawasiliano kwa saa nyingi. Kwa hiyo wanafunzi hupakua kila kitu kabla ya safari, na huko waendako hupeana faili simu kwa simu. Faili likifika katika mkono wa tatu limekwisha kupoteza anwani, tarehe na mara nyingi hata jina. Kwa sababu hii namwagiza kila mmoja aandike kwa kalamu, katika ukurasa wa kwanza wa daftari, kabla ya kuondoka Kibiti: nani ameandika, kinaitwaje, mwaka gani, anwani yake mtandaoni ni ipi, nimekifungua tarehe gani, na kina ruhusa gani. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Kazi nyingine hubeba leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa 2002, na kila leseni ina masharti yake. Karibu zote hudai jina la mtunzi, na baadhi hukataza biashara au mabadiliko. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo wenzetu wa jiografia huzitumia kupima kupungua kwa mikoko, zimekuwa bure kwa wote tangu 2008, nazo huombewa tu kutajwa zilikotoka. Picha za kale za manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta mwezi wa Julai 1915, zina umri wa kutosha kuwa huru, lakini picha iliyopoteza maelezo yake haina faida kwa mtafiti: hajui ni mkono gani wa mto, mwaka gani, wala nani aliyesimama mbele ya kamera.

Programu za akili unde zimeongeza tatizo la namna yake. Mwanafunzi huuliza kwa Kiswahili, naye hujibiwa kwa Kiswahili safi, bila isnadi yoyote. Akidai vyanzo huenda akapewa majina ya vitabu visivyokuwapo. Sizikatazi. Naziweka katika daraja la mtu aliyekutana nawe njiani akakuambia jambo: waweza kumsikiliza, waweza kwenda kuthibitisha, lakini huwezi kumtaja kuwa shahidi.

Limebaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni la wazee wenyewe. Mwanafunzi anarekodi msimulizi katika kijiji cha delta. Kwa sheria, haki za urekodi ziko kwa aliyerekodi; mtendaji naye ana haki juu ya utendaji wake; na masimulizi ya mapokeo, yaliyo ya jamii, yana sehemu yao katika sheria ya 1999, ambayo hutaka jamii au mahali yalikotoka patajwe. Kwa adabu ya elimu, tumesema, mzee na atajwe jina, kama walivyotajwa wazee wa Majimaji. Lakini Kibiti ya leo si Umatumbi ya 1968. Katika miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji, askari na raia waliuawa katika wilaya hizi, na mgeni mwenye daftari na kinasa sauti alitazamwa kwa jicho jingine. Tena sehemu kubwa ya mikoko ni hifadhi ya serikali tangu wakati wa Wajerumani, na mtu anayekusimulia kwa furaha msamiati wa kilimo cha mpunga na namna ya kujenga dungu, huenda pasipo kujua anakueleza kwamba shamba lake liko ndani ya hifadhi. Ukiiweka sauti yake mtandaoni pamoja na jina na kijiji, umemheshimu kama mtunzi na umemtia hatarini kama raia. Tangu 2022 kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo wanaisimu wengi hawajaisoma, na sauti yenye jina ni taarifa ya mtu.

Wako wanaosema, basi majina yote yafichwe. Sikubaliani nao. Kuficha majina yote ni kurudi katika jalada la 1903, ambapo mkusanyaji peke yake ndiye mwenye jina. Ninachowafundisha ni kwamba mzee aulizwe, tena aulizwe mara mbili: mara moja kabla ya kuanza, na mara ya pili baada ya kusikilizishwa alichosema, kwa maana kabla hajasema hajui atasema nini. Aulizwe kama ataka jina litajwe, kama sauti yaweza kuwekwa mtandaoni, au isikilizwe chuoni tu. Mtafiti naye asimame mahali pa kumshauri mzee asitaje jina pale aonapo hatari ambayo mzee haioni. Nyimbo za unyago hazirekodiwi na mwanafunzi mwanamume, wala haziwekwi mtandaoni na mwanamke aliyeruhusiwa kuzisikia. Hapa sheria ya Bunge haisemi kitu, lakini kina mama wa Kibiti wamekwisha kusema, na kwao hilo latosha.

Na jamii yenyewe ni ipi? Wimbo mmoja wa kuvuta nyavu waweza kusikiwa Mbwera, na kesho yake Mafia, na mwaka mwingine Kilwa, na kila mahali wataapa kwamba ni wao. Mwanafunzi huona lazima achague, akaandika wimbo wa Warufiji, na tayari amewanyang'anya Wamafia. Kwa hiyo katika kadi zetu tumeondoa mstari uliouliza wimbo ni wa nani. Mahali pake tumeandika: umesikiwa wapi, siku gani, kwa nani au kwa kikundi gani kwa kadiri kilivyoruhusu kutajwa, wao wenyewe wasema waliupata wapi, na nani amerekodi. Mstari wa nne ndio unaojaa maneno mengi kuliko yote.